Kila tarehe ina mwenyewe: namna ya kuchagua siku ya kisiwa

Watu wakikusanyika kutafuta siku ya kuadhimisha kwao, iwe ya shehia, ya wilaya au ya kisiwa kizima, haichukui muda mtu kutaja tarehe. Mzuieni. Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli moja ya sekondari Wete na ndiye katibu wa jumuiya yetu, kwa hiyo kalamu ya muhtasari imekuwa mkononi mwangu tangu mazungumzo ya siku ya Pemba yalipoanza. Tarehe ikishatamkwa na mtu mbele za watu, inakuwa yake. Anayeikataa anaonekana amemkataa yeye, ukoo wake na chama chake. Katika kikao chetu cha mwanzo mzee mmoja alitaja tarehe kabla hata kahawa haijazunguka. Mzee mwenziwe aliyekaa upande wa pili wa mkeka akaanza kutafuta makubadhi yake, akasema, "Mimi nawahi sala ya alasiri." Ilikuwa saa nane na nusu.

Basi kikao cha kwanza kisiwe na tarehe hata moja. Mwenyekiti aulize swali moja tu: siku hiyo tunataka watu wafanye nini? Katibu aandike kila jibu, na la kijinga pia. Kwetu masheikh walitaka dua. Vijana walitaka resi za ngalawa na fulana. Wenzetu walioko Dar es Salaam, Tanga na Mombasa walitaka tu sababu ya kurudi nyumbani nje ya Idd, maana wakati wa Idd tiketi za boti ni vita. Akina mama walitaka uwanja wa kuuzia halua, mikeka na viungo bila kukodi kibanda. Bi Mkubwa mmoja alisema anataka siku ambayo wanaume watapika. Nikaandika.

Majibu hayo ndiyo mizani yenu. Siku ya dua na siku ya resi za ngalawa hazikai katika tarehe moja, na vikao vingi vinavunjika kwa sababu watu wanabishania tarehe huku kila mmoja ana siku ya aina yake kichwani.

Baada ya hapo fungueni daftari la mistari mipana, mchore safu tatu: tarehe, mwenyewe, na atakayebaki nyumbani. Safu ya kwanza hujaa kwa dakika chache. Ya pili inahitaji mtu aliyesoma kidogo. Ya tatu haijazwi kikaoni, kwa sababu hakuna Mpemba atakayesimama mbele za watu aseme "siku hiyo mimi sitakuja." Atasema inshaallah. Kwa hiyo mtume watu majumbani na mabarazani, wawili wawili, na mwenye kuuliza asiwe wa chama kimoja na mwenye kuulizwa. Aulize kwa mzunguko: "Ami, siku hiyo ingekuwa ndiyo siku yetu, ungevaa kanzu gani?" Akicheka, andika atakuja. Akinyamaza akabadilisha mazungumzo, jaza safu ya tatu.

Nikuonesheni daftari letu lilivyojaa, maana mtakaofanya kazi hii mtakutana na tarehe hizi hizi.

12 Januari haichaguliki kwa sababu ina mwenyewe tayari, na mwenyewe ni Serikali. Ni Siku ya Mapinduzi, mapumziko nchi nzima, ina gwaride na hotuba ya Rais, na wiki zinazoitangulia ni za shamrashamra: mawe ya msingi, uzinduzi wa skuli na vituo vya afya. Mwaka mwingine kilele chenyewe huletwa huku Pemba, uwanja wa Gombani. Ukiiingiza siku yako humo, wageni wako watasimama juani kusubiri msafara. Na tusidanganyane, Januari ya 1964 ina nyumba zinazoikumbuka kwa bendera na nyumba zinazoikumbuka kwa mtu ambaye hakurudi, na nyumba hizo zimepakana ukuta.

10 Disemba huletwa na watu wanaojua historia yao vizuri. Siku hiyo mwaka 1963 Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza, na Waziri Mkuu, Muhammad Shamte wa chama cha ZPPP, alikuwa mtu wa Pemba. Kwa hoja ya kitabuni, hakuna tarehe yenye Upemba zaidi. Lakini Serikali haiiadhimishi, na kwa watu wa upande wa Mapinduzi uhuru ule ulimwacha Sultani kitini, hawauhesabu. Wakati huo huo jana yake, 9 Disemba, ni mapumziko ya uhuru wa Tanganyika, na wachangamfu wa barazani hawaachi kulitaja. Kamati ikiichukua 10 Disemba, imeshakuwa upande wa kesi. Sheha, mkuu wa shehia, atabaki nyumbani, na anayebaki nyumbani huyo ndiye wa kwanza kutia mkono kwenye barua yenu ya ruhusa.

6 Aprili ililetwa na mwalimu kijana, na kwa haki ilistahili kusikilizwa. Mwaka 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba. Tukaenda kuuliza. Hakuna aliyeipinga, na hakuna aliyetaka kuikalia. Nani ni mjukuu wa nani ni jambo ambalo Pemba huzungumzwa wakati wa posa tu, na kwa sauti ya chini. Ukiweka jukwaa, mtu atauliza mwenziwe anashangilia akiwa upande gani. Tena kesho yake ni 7 Aprili, Siku ya Karume, siku aliyouawa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972 pale Kisiwandui. Usiku mmoja haukai ngoma na maombolezo ya kitaifa.

Kimbunga cha Aprili 1872 kilipendwa na sisi walimu. Kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi na Pemba kikaipita pembeni, na toka hapo kisiwa chetu ndicho kikawa shamba kuu la karafuu. Ni hadithi nzuri ya darasani, haina chama, haina mkoloni. Ikaja kukataliwa na shemeji wa Kiunguja aliyekuwa amekaa kando akinywa chai: "Kwa hiyo mnataka kusherehekea siku tuliyofilisika sisi?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Tarehe za mapatano zinavutia sana watu wa mjini. Kuna Muafaka wa CCM na CUF wa 10 Oktoba 2001, kuna 5 Novemba 2009 ambapo Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu, na kuna kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66. Mimi mwenyewe ningependa mojawapo. Tabu ni kwamba tarehe ya mapatano inategemea mapatano yawepo. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, ule umoja ulivunjika mpaka mwisho wa 2020, na siku yetu ingekuwa katikati ya hapo tungefika uwanjani kusherehekea kitu ambacho kila mtu anajua hakipo. Tarehe za watu wakubwa nazo, kama 17 Februari aliyofariki Maalim Seif mwaka 2021, zina familia na zina chama, na wenyewe wanajua la kufanya bila kamati yetu.

27 Januari niliiandika katika ukurasa wake peke yake. Mwaka 2001 watu waliuawa kwa risasi hapa Wete, Chake Chake na Micheweni katika maandamano, na wengi wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kuna waliotaka iwe ndiyo siku ya Pemba, na sababu zao si nyepesi. Shauri langu katika kikao, na nalirudia hapa, ni kwamba siku ya msiba isigeuzwe sikukuu ya kila mtu. Wenye maiti wana haki ya kuikumbuka kwa namna yao, kwa khitma yao, bila kusubiri mgeni rasmi na bila kijana kuwauzia fulana.

Ndivyo ilivyo kwa MV Spice Islander. Meli ile ilizama mwezi wa Septemba 2011 baada ya kupita Nungwi ikija Pemba, imejaa kupita kiasi, siku chache tu baada ya Idd el Fitri watu wakirudi makwao. Mamia walikufa, na hakuna shehia hapa isiyokuwa na jina. Hapa pana jambo la kiufundi ambalo makatibu hulikosea. Chombo kilizama baada ya saa sita za usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa kalenda ya afisini hiyo ni tarehe 10, lakini abiria walipanda tarehe 9, na kwetu usiku ule ni wa Jumamosi tangu magharibi. Ukiandika kwenye tangazo "khitma tarehe 10 usiku", nusu ya watu watakuja usiku wa kuamkia Jumapili. Andikeni kila mara "usiku wa kuamkia" na mtaje siku ya wiki pamoja na tarehe, na "baada ya sala ya isha" badala ya saa. Kanuni hiyo itumieni kwa tangazo lolote, hata la resi.

Kufika hapo daftari limejaa na kila mstari una mtu wa kubaki nyumbani. Wajumbe huanza kulaumiana, kwa hiyo nikatumia kikao kizima kuwasomea jinsi wakubwa wanavyopanga siku zao.

Chukua 5 Februari. Mwaka 1977 TANU ya Tanganyika na ASP ya Zanzibar ziliungana kuwa CCM, na wangeweza kuungana siku yoyote. Walichukua siku ambayo ASP ilizaliwa miaka 20 kabla, 5 Februari 1957. Naisoma hivi: chama kidogo kwa idadi ya watu kimepewa tarehe, ili mtu wa Zanzibar akisherehekea kipya asione amekizika cha kwao. Sipigii chama debe kusema hayo. Mbinu ni mbinu: mnyonge katika muungano apewe tarehe, na mkubwa achukue mengine. Kama kijiji chenu kikubwa kinaungana na kidogo kutafuta siku, kikubwa kinyamaze.

Au 7 Julai. TANU ilizaliwa siku hiyo mwaka 1954, ndiyo Sabasaba ya zamani. Vyama vingi viliporudi 1992 ikawa tabu kwa taifa zima kupumzika kwa sababu ya siku ya kuzaliwa ya chama kimoja, na leo mtu akisikia Sabasaba anafikiria maonesho ya biashara Dar es Salaam. Kenya, Sabasaba ni jambo jingine kabisa, ni maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi. Juu yake, Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kumbukumbu ya TANU kukifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Mzanzibari hawezi kuacha kuguna kidogo. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, kama ilivyokubaliwa Mombasa mwaka 1928, na siku yake imetoka kwenye kalenda ya chama cha Tanganyika. Mimi naiadhimisha skulini kwangu kila mwaka na wanafunzi wanasoma mashairi kwa lafudhi ya Kipemba. Lakini kaeni mkijua kwamba ukiazima tarehe ya mwenzako unaazima na historia yake, na ukiipaka rangi mpya ya zamani hutokeza penye mkwaruzo.

Baada ya kikao hicho hoja ikageuka. Mjumbe mmoja, fundi wa boti, akauliza: lazima siku ikumbuke tukio? Si lazima. Mwaka Kogwa wa Makunduchi haukumbuki vita wala mkataba. Unafuata Nairuzi, mwaka wa jua wa Kishirazi, na watu wanajaa kuja kuutizama. Siku inaweza kuning'inia kwenye msimu. Hapo ndipo tulipotoka kwenye historia tukaingia kwenye kalenda, na kwenye kalenda watu wa vyama vyote wana matumbo yale yale.

Anzeni na Hijria. Usifikirie tarehe ya Kiislamu kwa siku ya kisiwa, kwa sababu mbili. Inasogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kuna wanaofuata mwandamo wa hapa na wanaofuata wa popote duniani, kwa hiyo mtapata siku mbili za Pemba. Lakini Hijria lazima iwe mezani ili mjue pa kutogonga. Ramadhani sasa iko Februari na inarudi Januari. Mwaka 2030 tutafunga mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Kila aliyekuwa na tarehe yake ya Januari au Disemba alipoambiwa hilo alishusha pumzi. Baada ya hapo Ramadhani itashuka Novemba, Oktoba, Septemba. Mfungo sita nao una maulidi usiku hadi usiku, na waimbaji wa dufu wale wale ndio mtakaowahitaji.

Kisha karafuu. Hapa waulizeni wanawake, na waulizwe na wanawake. Msimu ukiwa mzuri, wanaume na vijana wako juu ya mikarafuu kutwa, wanalipwa kwa pishi, na hakuna atakayeshuka kwa ajili ya hotuba. Jioni mzigo unamwagwa ukumbini, na mama, mabinti na bibi wanakaa kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na vinanata. Kesho yake ni kuanika juu ya majamvi na kulinda mvua isije. Mama mmoja wa Konde aliniambia: "Mwalimu, mkiweka siku yenu msimu wa karafuu mtakuja kuiadhimisha na watalii." Mzao mkubwa hauji kila mwaka, lakini ukija unakula nusu ya pili ya mwaka karibu yote. Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba tukazipiga mstari. Mwaka wa uchaguzi miezi hiyo ni ya kampeni pia, na mkusanyiko wowote wenye kipaza sauti utatiliwa shaka na pande zote.

Masika hayahitaji kujadiliwa. Machi mpaka Mei viwanja ni matope.

Juni ndiyo iliyobaki: masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, karafuu bado, kampeni bado, Sabasaba bado, na kwa miaka mingi ijayo haitakutana na Ramadhani. Hata hivyo nayo ina mwenyewe. 1 Juni 1961 ilikuwa siku ya uchaguzi uliomwaga damu Unguja, na wazee wanaikumbuka vizuri. Tukakubaliana isiwe mwanzo wa mwezi kwa tarehe ya kudumu, na hapo tena tungebishana hadi leo, kama si mzee wa Kojani.

Wakojani ni watu wa dago, wanahama na nyavu zao kwa muda mrefu, na tarehe za ukutani haziwahusu sana. Tulipomuuliza siku gani vijana wake wanaweza kuleta ngalawa Wete, hakutaja tarehe. Alisema, "Nipeni bamvua." Akaeleza kwa kidole kwenye mchanga: bamvua ni maji makubwa, mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa alasiri, na asubuhi hukauka hadi mbali. Mkiweka resi siku za maji mafu, alasiri maji yatakuwa hayana nguvu, na ngalawa zitakwaruza mchanga mbele ya mgeni rasmi. Kusi la Juni halimtishi, ghuba ya Wete imekingwa na visiwa vya mbele yake. Kitakachopata tabu ni boti ya kutoka Unguja na wenye kichefuchefu.

Basi ikawa Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu wa Juni. Jumamosi kwa sababu jumuiya haina uwezo wa kutangaza mapumziko, hiyo ni kazi ya Serikali, na Ijumaa ina sala yake. Mwezi mpevu kwa sababu ya maji, na kwa sababu wanaokuja kutizama ngoma za msewe na kirumbizi watarudi vijijini na mwanga. Na mwezi mpevu haugombewi kama mwandamo. Uko juu ya nyumba ya kila mtu na hauhitaji shahidi.

Msifikiri vita vimekwisha. Siku ikipatikana, siasa huhamia kwenye vitu vidogo, na hivyo viamueni mapema kwa maandishi. Mahali: Wete, Chake Chake, Mkoani, Micheweni, kila mmoja anaona kwake ndiko Pemba yenyewe. Zungusheni kwa zamu na zamu ya kwanza ipigwe kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Mgeni rasmi: akiwa mwanasiasa, fulana zote zitasomwa kwa rangi yake. Sisi tumependekeza mkunga mstaafu. Kama itifaki inalazimisha kiongozi awepo, na mara nyingi italazimisha, apewe dakika zake na asome mwingine risala.

Rangi ya kanga za sare ilitupotezea muda kuliko historia yote niliyoieleza. Kijani na njano ni CCM. Zambarau ni ACT. Nyekundu na buluu zina CUF na Chadema. Nyeupe inachafuka, nyeusi ya msiba. Mwishowe mshona nguo mmoja akachukua konzi ya karafuu kavu akaimwaga mezani, akasema rangi hiyo. Hudhurungi. Wasichana walinuna, lakini hakuna aliyekataa.

Ruhusa fuateni hivi. Barua ianze kwa sheha wa shehia mtakayofanyia, ipande wilayani, na polisi wapate taarifa mapema pamoja na ramani ya njia kama kuna matembezi. Ngoma na maonesho ya jukwaani vinapita Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Jumuiya iwe imesajiliwa; kama haijasajiliwa, tafuteni iliyosajiliwa ikubebeni mwaka wa kwanza. Katika barua usiandike "kuadhimisha" bila kusema mnaadhimisha nini, kwa sababu afisa yeyote atajaza mwenyewe hapo palipo wazi. Andika shughuli: resi, ngoma, soko, dua.

Na azimio lenyewe, msiliache kwenye kumbukumbu za watu. La kwetu linasomeka hivi, mnaweza kulichukua na kubadilisha majina:

"Kikao kimeazimia kuwa siku ya Pemba itakuwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu wa Juni, kila mwaka. Siku hii haikumbuki tukio la kisiasa wala kifo cha mtu yeyote, na haichukui nafasi ya siku yoyote inayokumbukwa na familia, dini, chama au Serikali. Itafanyika kwa zamu Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni. Azimio linaweza kubadilishwa kwa theluthi mbili ya wajumbe, baada ya tangazo la mwezi mmoja."

Isomwe kwa sauti mara mbili, kila mjumbe atie saini mbele ya wenzake, hata aliyepinga, na jina la aliyetoa hoja lisiandikwe. Nakala moja kwa sheha, moja wilayani, moja kwa wenzetu wa ng'ambo. Ya katibu itieni ndani ya mfuko wa nailoni, maana masika ya huku hayabakishi karatasi.